Nahodha na neno: somo la lugha katika safari ya Siya Kolisi

1. Kwa nini raga katika jarida la lugha?

Kwetu Lubumbashi mtu akisema "leo kuna mechi", anayemsikia huuliza jambo moja tu: Mazembe ao Lupopo? Raga ni wachache wanaoijua, na wengi wanaidhani ni vurugu ya watu wanene wanaogombania mpira wa umbo la yai. Nami nilidhani hivyo mpaka mwisho wa Oktoba 2023. Basi msomaji ana haki ya kuniuliza: mwanafunzi wa lugha ametafuta nini huko?

Nilichokuta huko ni kanuni moja ya mchezo huo. Katika raga kila timu ina wachezaji 15, na mechi inachukua dakika 80. Kati ya hao 15, mwenye haki ya kumwuliza mwamuzi juu ya uamuzi wake ni mmoja tu: nahodha. Wengine wakianza kubishana naye, timu yao inaweza kuadhibiwa. Timu ikipewa penalti, nahodha ndiye anayemweleza mwamuzi wamechagua nini: kupiga mpira katikati ya nguzo ili wapate pointi 3, kuupiga nje ya uwanja ili wausogeze karibu na mstari wa wapinzani, ao kusukumana katika skramu. Anapaswa kusema upesi na kwa maneno machache, huku pumzi imemwishia na maelfu ya watu wanapiga kelele. Unahodha wa raga ni kazi ya mwili, lakini ni kazi ya ulimi pia.

Sasa tumwangalie mtu mmoja. Katika mwaka 2003 hivi alikuwa mtoto asiyejua Kiingereza, na miaka kumi na mitano baadaye akawa mtu pekee katika timu ya taifa lake mwenye haki ya kusema na mwamuzi. Jina lake ni Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini. Hoja ya makala haya ni hii: lugha ya wenye nguvu inafaa kujifunzwa, lakini bei ya kuijua haipaswi kuwa jina la mtu, na jamii inayoacha kazi hiyo kwa bahati ya mtoto mmoja mmoja inapoteza watoto wengi.

2. Jina lililofunguliwa Kasumbalesa

Siku ya posho, tarehe 28 Oktoba 2023, nilikuwa Kasumbalesa kwa yaya yangu, anayeuza chakula karibu na mahali malori yanapolala. Madereva kutoka Zambia, Zimbabwe, Tanzania na Afrika Kusini wanangoja hapo karatasi za duane, mara siku mbili, mara juma zima. Jioni ile waliomba televisheni igeuzwe upande wa raga. Ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia mjini Paris, Afrika Kusini na New Zealand. Mchezo ulianza saa tatu ya usiku, na kule mvua ilikuwa inanyesha.

Dereva mmoja wa Afrika Kusini alikuwa anapaza sauti kila mara mchezaji namba 6 alipogusa mpira. Hakusema "Siya" kama mtangazaji. Alisema neno refu zaidi. Nikamwuliza mzee mmoja Mtanzania aliyekaa karibu nami:

— Mzee, huyu baba anaita nini?

— Anamwita nahodha wao kwa jina lake zima, mwanangu. Maana yake muulize mwenyewe, usiniulize mimi.

Nikamwuliza kwa Kiingereza changu cha kubahatisha. Yule dereva akanijibu polepole, akigawanya jina kwa vidole vyake: Si-ya-m-thanda. Akajionyesha yeye na sisi wote kwa mkono, kisha akaweka kiganja kifuani. Mimi nilikuwa bado ninafikiri. Yaya, ambaye aliacha shule katika mwaka wa nne wa msingi, akasema toka kwenye chungu chake:

— Aa, njo kusema "tunamupenda".

Ilikuwa hivyo hasa. Mimi niliyefuata mwaka mzima wa somo la isimu ya lugha za Kibantu, nilishindwa na mtu aliyekuwa anakoroga bukari. Tupange jina hilo kama tunavyofundishwa:

Kixhosa: si – ya – m – thanda
Kiswahili sanifu: tu – na – m – penda
Kiswahili cha Lubumbashi: tu – na – mu – penda

Mafungu ni manne, na yanafuatana kwa mpangilio uleule. Fungu la kwanza ni kiambishi cha nafsi, "sisi". La pili linaonyesha wakati uliopo. La tatu ni kiambishi cha mtendwa, "yeye". La nne ni kitenzi. Msemaji wa Kiswahili ajihadhari na *si-*. Kwetu kiambishi hicho kinakanusha, kama katika "simpendi". Katika Kixhosa kinasema "sisi". Sura ni moja, lakini maana haifanani hata kidogo, na mtu asiye makini angefasiri jina la mapendo kuwa jina la chuki.

Sasa tuangalie jina fupi ambalo ulimwengu wote unalijua. Tukikata *Siyamthanda* tukabakiza *Siya*, tunabaki na kiambishi cha nafsi na kiambishi cha wakati. Kwa Kiswahili ni kama kumwita mtu "Tuna". Tuna nini? Sentensi imekatwa kabla ya kumfikia anayependwa na kabla ya kupenda kwenyewe. Nani alikata, na kwa nini? Jibu liko katika maisha yake.

3. Mtoto wa Zwide

Kolisi alizaliwa tarehe 16 Juni 1991 katika Zwide, mtaa wa watu weusi wa mji uliokuwa unaitwa Port Elizabeth na ambao leo ni Gqeberha. Tarehe hiyo inamhusu kila mwanafunzi wa lugha. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kwa sababu serikali ya ubaguzi ilitaka kuwalazimisha kusoma masomo kadhaa kwa Kiafrikana. Polisi waliwapiga risasi. Watoto walikufa kwa sababu ya swali ambalo sisi tunalijadili tukiwa tumekaa: mtoto afundishwe kwa lugha gani? Miaka 15 kamili baadaye ndipo Kolisi akazaliwa. Kesho yake, tarehe 17 Juni 1991, bunge lilifuta sheria iliyokuwa inaandikisha kila mtu kwa rangi yake.

Sheria ilifutwa, lakini umaskini wa Zwide haukufutwa pamoja nayo. Wazazi wake walikuwa vijana sana, na bibi yake mzaa baba ndiye aliyemlea. Mara nyingi nyumbani hakukuwa na chakula. Bibi huyo na mama yake walifariki wote wawili Kolisi akiwa bado kijana.

Inafaa kukumbusha kwamba raga haikuwa mchezo mgeni kwa watu weusi wa eneo lile. Katika Rasi ya Mashariki walianza kuicheza katika karne ya 19, kupitia shule za misheni. Zwide ilikuwa na timu yake, African Bombers, na Kolisi alianzia huko. Akiwa na miaka 12 alicheza katika mashindano ya vijana mjini Mossel Bay. Amesimulia mwenyewe kwamba hakuwa na kaptula ya michezo, akacheza na chupi ya ndani. Watu waliokuja kutafuta vipaji walimwona, na akapewa nafasi ya kusoma bila kulipa katika Grey, shule ya wavulana yenye sifa kubwa katika mji uleule.

Huko ndiko lugha ilipomngoja. Grey ilifundisha kwa Kiingereza, na yeye alikuja na Kixhosa. Rafiki mmoja wa shuleni alimsaidia kujifunza. Na huko ndiko jina lilipokatwa. Katika mwaka 2020, alipoeleza hadharani kwa nini alikuwa amenyamaza muda mrefu juu ya mambo ya ubaguzi, alikumbuka kwamba wenzake wa shule walishindwa kulitamka jina lake. Basi yeye mwenyewe akawaambia wamwite Siya, ili kila mtu aone urahisi. Aliongeza jambo lililo zito zaidi: baadhi ya wenzake waliokuja kwa msaada kama yeye walipoteza nafasi zao kwa kushindwa masomo, kwa kuwa hawakuielewa lugha ya kufundishia.

Hapa niombe msomaji atulie kidogo. Hao wenzake hatuwajui majina. Hawakushindwa raga. Na huenda hawakushindwa hesabu wala historia pia. Walishindwa lugha ambamo hesabu na historia ziliulizwa. Tunapomsifu Kolisi kwamba "alijitahidi", tukumbuke kwamba darasani kulikuwa na wengine, na kwamba juhudi peke yake haikutosha.

4. Kapita ao nahodha?

Kolisi aliingia katika timu ya taifa, Springboks, tarehe 15 Juni 2013 mjini Nelspruit, siku moja kabla hajatimiza miaka 22. Aliingia mapema kuchukua nafasi ya mwenzake aliyeumia, na alipomaliza mechi hiyo dhidi ya Scotland akatajwa kuwa mchezaji bora. Mwezi Mei 2018 kocha Rassie Erasmus akamteua nahodha. Afrika Kusini ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa mwaka 1891, tena katika mji uleule wa Port Elizabeth. Ilichukua miaka 127 kupata nahodha mweusi katika mechi rasmi za kimataifa.

Kuna watu walionong'ona kwamba uteuzi ule ulikuwa wa siasa, wa kuonyesha rangi. Ili tuuelewe uzito wa manung'uniko hayo, Kiswahili cha kwetu kinatupa maneno mawili yanayosaidia kuliko kamusi nyingi.

Neno la kwanza ni *kapita*. Wazee wa Katanga wanalijua vizuri. Linatoka katika Kireno, *capitão*, ambalo shina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya "kichwa". Kwa asili, basi, kapita ni kapiteni. Lakini katika Kongo ya wakoloni, kapita akawa mnyapara: mtu mweusi aliyewekwa juu ya weusi wenzake ili amri ya mzungu ishuke mpaka kwa mfanyakazi wa mwisho. Kapita alisema sana, lakini maneno hayakuwa yake.

Neno la pili ni *nahodha*, ambalo lilikuja pwani pamoja na majahazi. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni "bwana wa chombo". Nahodha anasafiri ndani ya chombo chenyewe. Kikizama, anazama nacho. Maneno yake yanatoka kwake, na mabaharia wanayapima kwa upepo na mawimbi, si kwa karatasi ya uteuzi.

Maneno yote mawili yanaweza kutafsiri cheo kilekile. Swali la mwaka 2018 lilikuwa: Kolisi atakuwa nani kati ya hao wawili? Mechi yake ya kwanza kama nahodha ilichezwa tarehe 9 Juni 2018 katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, dhidi ya England. Mwanzoni kabisa wageni waliongoza 24-3. Kapita angeanza kutafuta wa kulaumiwa. Springboks walitulia, wakarudi hatua kwa hatua, wakashinda 42-39, na baadaye wakashinda mashindano yale ya mechi tatu kwa 2-1.

Hata hivyo, ulimi wa nahodha unapimwa kila siku. Mwanzoni mwa 2019, alipohojiwa na shirika la habari la Japani, alionyesha shaka juu ya kuhesabu wachezaji kwa rangi, akasema anadhani Mandela asingelikubali. Nyumbani wengi walikasirika: mtoto wa Zwide anawezaje kusema hivyo? Sitaki kuamua nani alikuwa na haki. Ninaonyesha tu kwamba sentensi moja ya nahodha haisikiwi kama sentensi ya mtu mmoja. Kila upande huitafuta humo ili ujue kama yeye ni wake.

5. Kusema si kusikilizwa

Katika somo la pragmatiki tunafundishwa, tangu J. L. Austin, kwamba kusema ni kutenda, lakini tendo halitimii mpaka masharti yake yatimie. Anayesema "ninafungua kikao" bila kuwa mwenyekiti hajafungua kitu. Raga inatupa mifano miwili ya jambo hilo.

Mfano wa kwanza ni wa Julai 2021. Lions, timu inayounganisha wachezaji bora wa Uingereza na Ireland, walikuja Afrika Kusini. Uwanja wa Cape Town ulikuwa mtupu kwa ajili ya korona, na wageni walishinda mechi ya kwanza 22-17. Baadaye Rassie Erasmus alitengeneza video ya zaidi ya saa moja ambayo ilienea pote. Kati ya malalamiko yake lilikuwamo hili: kwamba mwamuzi hakumsikiliza Kolisi sawa na alivyomsikiliza nahodha wa Lions, Alun Wyn Jones. Shirikisho la dunia lilimwadhibu Erasmus, kwa kuwa hakuna ruhusa ya kumshambulia mwamuzi hadharani namna ile. Lakini Kolisi naye, alipotoa maelezo katika kesi hiyo, alisema hakujisikia kuheshimiwa.

Sisemi kwamba mwamuzi alikuwa na nia mbaya. Kwa mwanafunzi wa lugha inatosha kuona kwamba haki ya kusema ilikuwa imeandikwa, manahodha wote wawili walikuwa nayo, na bado mmoja alitoka uwanjani akihisi maneno yake hayakufika. Kanuni inaweza kukupa zamu ya kusema. Haiwezi kukupa sikio la mwenzako. Springboks walijibu kwa kucheza: 27-9 katika mechi ya pili, 19-16 katika ya tatu.

Mfano wa pili ni wa nusu fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 21 Oktoba 2023, Afrika Kusini na England. Mchezaji wa England, Tom Curry, alimwambia mwamuzi kwamba Mbongeni Mbonambi wa Afrika Kusini alimtukana kwa rangi yake, akitumia neno "mweupe" pamoja na tusi zito la Kiingereza. Uchunguzi ulifanyika. Kabla ya fainali, shirikisho la dunia likasema ushahidi hautoshi. Chama cha raga cha Afrika Kusini kilieleza kwamba wachezaji wake walikuwa wanasema Kiafrikana, na kwamba maneno yale yalisikiwa vibaya. Maneno yenyewe ni *wit kant*: *wit* ni "-eupe", *kant* ni "upande". England walikuwa wamevaa jezi nyeupe. *Wit kant* ni "upande wa weupe", yaani upande wa wale wa jezi nyeupe.

Sikuwa uwanjani, na siwezi kuhukumu. Lakini ukiitamka *wit kant* kwa sauti, utaona namna sikio la Kiingereza linavyoweza kukuta tusi mahali ambapo sikio la Kiafrikana linasikia mwelekeo tu. Tumeona jambo hilohilo katika *si-* ya Kixhosa na *si-* ya Kiswahili. Sikio halipokei sauti kama ndoo inavyopokea maji. Linatafuta humo maneno ambayo tayari linayajua.

Tena tazama mzunguko wa historia: Kiafrikana, lugha iliyokataliwa kwa damu mwaka 1976, katika 2023 kilikuwa kati ya lugha za kazi za timu yenye nahodha Mxhosa. Lugha haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuna aliyelazimishwa kuiingia kwa bunduki.

6. "Sisi" ya nahodha

Turudi kwa jina. Tumesema *Siya* imebakiza "sisi" peke yake. Ukimsikiliza Kolisi akihojiwa baada ya mechi, utaona ni kiambishi hicho hasa alichokifanya kuwa mtindo wake.

Tarehe 2 Novemba 2019, mjini Yokohama, Afrika Kusini iliishinda England 32-12 katika fainali, ingawa ilikuwa imeanza mashindano kwa kufungwa na New Zealand 23-13. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kufungwa katika mechi za makundi na kisha kuchukua kombe. Kolisi alivaa namba 6, ileile ya Francois Pienaar wa 1995, ambayo Nelson Mandela aliivaa siku ile mgongoni. Ilikuwa mechi yake ya 50 ya kimataifa. Mwandishi wa habari alipomwuliza inamaanisha nini, hakuanza na yeye mwenyewe. Alisema juu ya watu waliotoka mahali mbalimbali, wa rangi mbalimbali, waliokutana kwa lengo moja. Kisha akawashukuru walioangalia mechi nyumbani, na akawataja: walio katika vilabu vya pombe vya mitaani, walio mashambani, wasio na makao.

Kwa nini vilabu vya pombe? Kwa sababu mwaka 2007, Springboks waliposhinda kombe mjini Paris, Kolisi alikuwa na miaka 16, na aliiangalia fainali ile katika kilabu cha Zwide, kwa kuwa kwao hakukuwa na televisheni. Kwa Kiingereza alichojifunza Grey, alizitaja nyumba ambazo Kiingereza cha Grey hakiziingii. Huyu si kapita. Kapita anapeleka maneno ya juu chini. Yeye alichukua maneno ya chini akayasimamisha mbele ya ulimwengu.

Katika 2023 alipimwa namna nyingine. Mwezi Aprili aliumia goti vibaya, na wengi walidhani kombe limempita. Agosti akarudi. Afrika Kusini ilishinda robo fainali 29-28 dhidi ya Ufaransa, nusu fainali 16-15, na fainali 12-11, yaani pointi moja moja mara tatu. Katika fainali hiyo, Sam Cane, nahodha wa New Zealand, alipewa kadi nyekundu, na mwanzoni mwa kipindi cha pili Kolisi alipewa kadi ya njano. Kwa dakika kumi mechi kubwa kuliko zote ilichezwa bila nahodha hata mmoja kati ya wale wawili walioianza. Kolisi alikaa kitini akiwa bubu, na wenzake walilinda ushindi bila yeye. Kasumbalesa, yule dereva aliacha kupaza sauti kabisa. Nadhani hapo ndipo inapoonekana "sisi" ni ya kweli ao ni neno la mdomoni tu: wakati anayeisema ameondolewa.

Walishinda. Baada ya McCaw wa New Zealand, Kolisi akawa nahodha wa pili kunyanyua kombe lile mara mbili. Kisha akaanza maisha na klabu ya Racing 92 ya Ufaransa, akawa tena, kwa msimu mmoja, mgeni katika chumba cha kuvalia kinachosema lugha ya wengine, kabla ya kurudi kwa Sharks wa Durban.

7. Na sisi?

Nimalizie karibu na nyumbani. Katika mwaka wangu wa kwanza, mwalimu mmoja aliniuliza tofauti kati ya fonimu na sauti. Nilijua jibu. Nilianza kulitoa kwa Kifaransa, nikakosea jinsia ya neno moja, ukumbi ukacheka, nikakaa chini bila kumaliza. Tangu siku ile sikunyanyua mkono kwa miezi mingi. Mwenzangu mmoja tuliyetoka naye Kasumbalesa alikuwa na akili kunipita. Yeye hakucheka wala hakuchekwa. Alinyamaza tu, akashindwa mtihani mara mbili, akarudi mpakani kusaidia madereva kujaza karatasi. Anawaelewesha kwa Kiswahili, Kibemba na Kiingereza, siku nzima. Sisi tunaosomea lugha tulimpoteza mtu wa lugha.

Sisemi tukiache Kifaransa. Kolisi hakukiacha Kiingereza. Bila hicho asingelisimama mbele ya mwamuzi. Lakini Katiba yetu ya 2006 inaitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na inaipa serikali kazi ya kuziendeleza bila ubaguzi. Sisi hatuna haja ya kungoja serikali. Ninapendekeza jambo dogo: sisi wa mwaka wa tatu tukae na wa mwaka wa kwanza saa moja kila siku ya posho, waulize kwa Kiswahili yale wasiyoyaelewa kwa Kifaransa, kisha tuyaseme pamoja kwa Kifaransa mpaka yakae. Rafiki mmoja alimfanyia Kolisi hivyo. Wale wenzake waliorudi nyumbani hawakupata rafiki huyo.

Na majina yetu tuyaache marefu. Anayetaka kutuita atajifunza.

Mazoezi

1. Changanua majina matatu ya watu wa kwenu yaliyo sentensi kamili, kama *Siyamthanda*. Onyesha kiambishi cha nafsi, cha wakati, cha mtendwa, na shina la kitenzi. Ni fungu gani linalobaki watu wanapolifupisha jina hilo?

2. Tafuta maneno mawili ya Kiswahili yanayotafsiri cheo kimoja lakini yenye historia tofauti, kama *kapita* na *nahodha*. Kila moja linamhukumu namna gani mwenye cheo?

3. Toa mfano wa maneno ya lugha moja ya kwetu yanayosikiwa kama tusi katika lugha nyingine. Nani anapaswa kujihadhari, msemaji ao msikiaji?

4. Kumbuka siku ulijua jibu darasani ukanyamaza. Liandike jibu hilo kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. Ulete siku ya posho.